Anza na abiria wa nyuma: kupanga kebini ya milango minne kwenye pikapu ya zamani

Hotuba kwa mafundi wa bodi, wenye magari ya zamani na wanafunzi wa ufundi wa magari, Nakuru

Wazee wetu, mafundi wenzangu, akina mama mliofika, na ninyi vijana wa vyuo vya ufundi, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kupanga kazi ya kugeuza pikapu ya zamani ya milango miwili iwe dabo kebini, yaani kebini yenye safu ya pili ya viti nyuma ya dereva. Najua wengi wenu mmekuja na picha kwenye simu. Ni picha nzuri, zihifadhini. Ila leo nawaomba tuanzie kwa mtu atakayeketi kiti cha nyuma, na tusimwache mpaka mwisho wa mazungumzo haya.

Mnajua mtu huyo anaketi wapi leo. Simama barabara ya Njoro siku ya soko, au njoo kutoka Molo jioni. Utaiona pikapu ya mzee fulani, mbele wamebanana watatu, na nyuma wamo watoto na shangazi yao juu ya magunia ya viazi, wameshikilia ubavu wa bodi. Gari likipanda tuta, wote wanarushwa. Mvua ikinyesha, wanajifunika turubai. Familia hiyo ikija kwa fundi na kusema “tuongezee kebini”, inachoomba ni watoto wale waingie ndani, wafungwe mikanda, wafike nyumbani salama. Ukilielewa ombi hilo hivyo, utajua wapi ukate na wapi usikate.

Viwanda vyenyewe vilianza na hitaji hilo. Kule Marekani, International Harvester walitoa Travelette mwaka 1957 kwa ajili ya kampuni zilizotaka kubeba kikosi cha wafanyakazi pamoja na vifaa vyao. Ilikuwa na milango mitatu: miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, upande wa abiria. Mlango wa nne ulikuja 1961. Volkswagen nao walitoa kebini mbili kwenye gari lao la mizigo mwaka 1958, na huko pia nyuma kulikuwa na mlango mmoja tu, upande wa kando ya barabara. Nayataja haya kwa sababu yupo mtu hapa mwenye bajeti ndogo. Ndugu yangu, milango mitatu ni mpango halali kabisa. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa nyuma ukae kushoto, watoto washukie kwenye nyasi na siyo katikati ya barabara. Upande wa kulia unabaki mzima na imara, na kazi ya kutengeneza milango inapungua nusu.

Sasa, ni gari gani linafaa? Linalofaa ni lile ambalo kebini imefungwa kwa bolti na raba juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma ya chini ya gari, inayojitegemea: Land Rover, Land Cruiser, Bedford, Chevrolet. Kebini unaweza kuinyanyua ukaiweka chini, ukaikata, ukairudisha, na chasisi inabaki ikibeba mzigo wake.

Najua kitakachofuata, kwa hiyo niseme mapema: Peugeot. Hapa Nakuru tunaipenda Peugeot, nami naipenda. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na hadi leo wapo wakulima wanaozitumia pikapu za 404 na 504 kila siku. Lakini kebini ya magari hayo na fremu yake vimechomelewa pamoja, na sakafu, nguzo na paa vinasaidiana kubeba uzito. Ukikata paa na ukuta wa nyuma umekata sehemu ya chasisi. Ushauri wangu ni huu: Peugeot itengeneze, ipake rangi, iache na milango yake miwili. Atakayekuahidi kuikata katikati, muulize kwanza uzito utashikwa na nini.

Tuje kwenye kupima. Tafuta sakafu ya simiti iliyo tambarare. Chora kwa chaki mstari unaoonyesha ukuta unaotenga injini na kebini. Chukua kiti cha mbele cha gari lenyewe, kiweke mahali pake, kisukume nyuma kadiri kinavyokwenda, kisha mketishe dereva mrefu kuliko wote katika familia ile. Nyuma yake panga kreti za soda, weka godoro la kiti juu, simamisha na ubao wa kuegemea. Mwite mtu mzima aketi hapo. Magoti yakigusa kiti cha mbele, umepata jibu kabla ya kupoteza hata kipande kimoja cha bati.

Mimi sikubali chini ya sentimita 75 kutoka kiuno cha aliye mbele hadi kiuno cha aliye nyuma, na ubao wa kuegemea lazima ulale kidogo, nyuzi 20 hivi kutoka wima. Dabo kebini nyingi ndogo za zamani zina kiti cha nyuma kilichosimama wima kama benchi la kanisani. Mtu anakivumilia kutoka hapa hadi Lanet, lakini akienda nacho Kisumu anashuka ameshika mgongo. Kwa hiyo yule mtu mwache aketi pale nusu saa nzima mkizungumza. Mwili wake utasema ambacho futi haisemi.

Kisha mwite nyanya. Simamisha fito mbili pale mlango wa nyuma utakapokuwa, umwombe apite aketi. Tazama mguu wake wa kwanza. Shida kubwa haiko juu kwenye kichwa, iko chini, kati ya nguzo ya katikati na ukingo wa kiti. Pakiwa pembamba, nyanya ataingia kwa kujipinda, na kwenye gari lenye sakafu ya juu atahitaji mtu wa kumsukuma. Hapo utajua kama kiti kirudi nyuma, au nguzo isogee mbele, au ngazi ya kukanyagia iwekwe. Chora yote kwa chaki. Mchoro ule wa sakafuni ndio mpango wako. Uupige picha kutoka juu na uandike vipimo vyote kwenye daftari.

Mchoro ukikamilika utagundua kwamba unahitaji urefu, na urefu hautoki hewani. Chevrolet walipotoa kebini yao ya milango minne mwaka 1973, gari lenye bodi ndefu lilikuwa na inchi 131.5 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Lile la milango minne likawa na inchi 164.5. Tofauti ni inchi 33, karibu sentimita 84, na bodi ya mizigo ikabaki na urefu wake wote. Wajapani, kwa pikapu zao ndogo, mara nyingi walifuata njia nyingine: chasisi ile ile, kebini ikala sehemu ya bodi.

Kila njia ina bei yake. Ukirefusha chasisi, gari linakata kona kwa upana zaidi, na kwenye barabara zetu za mashambani tumbo linagusa kila tuta. Ukipunguza bodi, mzigo unasogea nyuma ya ekseli, na hapa naomba tutulie tupige hesabu.

Chukua gari lenye sentimita 300 kati ya ekseli. Nyuma wameketi watu watatu wa kilo 75 kila mmoja, jumla kilo 225, na kiti chao kiko sentimita 100 mbele ya ekseli ya nyuma. Theluthi moja ya uzito huo, kilo 75, inakwenda kwenye magurudumu ya mbele, na kilo 150 zinakwenda nyuma. Sawa. Sasa pakia kilo 600 za viazi kwenye bodi iliyofupishwa, ambayo katikati yake iko sentimita 40 nyuma ya ekseli. Mzigo huo unainua mbele ya gari kwa kilo 80. Yaani viazi vimefuta uzito wote ambao abiria watatu walikuwa wameuweka mbele, na zaidi kidogo, na ekseli ya nyuma imepokea kilo 830. Panda na gari hilo Timboroa, usukani utakuwa mwepesi mkononi. Teremka nalo kutoka Sachang'wan kuelekea Salgaa, magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki, yatakuwa yamenyimwa uzito wa kuyashikisha lami.

Kwa hiyo mimi namuuliza mteja: hili ni gari la familia au la viazi? Akisema la familia, nafupisha bodi na namwandikia kiwango kipya cha mzigo, kidogo kuliko cha zamani, na namweleza sababu kwa hesabu hiyo hiyo. Akisema viazi ndivyo vinavyomlipia karo, basi chasisi irefushwe, ili katikati ya mzigo ibaki juu ya ekseli au mbele yake. Akitaka vyote viwili bila kurefusha chasisi, namwambia kwa heshima kwamba kazi hiyo sitaifanya.

Kurefusha chasisi sitaingia ndani sana, kwa kuwa ni kazi ya kujifunza ukiwa umesimama kando ya aliyeizoea. Niseme tu kwamba haikatwi karibu na vishikio vya springi, haikatwi kwa mstari mnyoofu wa wima, kipande cha kuongezea hupewa kipande kingine cha ndani cha kuishikilia, na bamba la nje linamalizikia kwa ncha, ili mstari wa kuchomelea usivuke chasisi kwa mkato mmoja. Mbavu za juu na za chini hazitobolewi.

Kuhusu kuinyoosha, tumieni timazi. Chasisi ikiwa juu ya stendi, teremsha uzi kutoka tundu la kila bolti ya kebini na kila kishikio cha springi, kushoto na kulia, weka alama ya chaki sakafuni. Ondoa chasisi. Sasa una ramani yake chini, na unaweza kupima kwa mshazari, kona hadi kona, bila chuma chochote kukuzuia. Mishazari miwili ikitofautiana, chasisi imepinda, hata kama macho yanasema imenyooka. Magari mengi ya mashamba yetu yamewahi kuvuta trela kwa pembe au kuingia mtaroni, kwa hiyo pima hivi kabla ya kazi na baada ya kazi.

Ukirefusha chasisi, propela, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini hadi ekseli ya nyuma, nayo inarefuka, na propela ndefu huyumba katikati ikizunguka kasi. Kasi inayoweza kustahimili hupungua kwa mraba wa urefu: ongeza urefu mara mbili, kasi inabaki robo. Dawa yake ni propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati, ipelekwe ikapimwe mizani kwenye karakana yenye mashine hiyo. Paipu za breki ziwe mpya, za kipande kimoja kirefu panapowezekana. Kebo ya breki ya mkono irefushwe ipasavyo.

Halafu kuna tangi. Pikapu nyingi za zamani zina tangi la petroli ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Chevrolet za kabla ya 1973 zilikuwa hivyo. Ukishaondoa ukuta wa nyuma, mahali pale ndipo watoto wataweka miguu. Tangi lihamishwe chini ya bodi, kati ya reli mbili za chasisi, mbele ya ekseli kama nafasi ipo. Hili halijadiliwi na mteja.

Sasa kebini ya pili, kwa kuwa dabo kebini yetu tunaiunda kwa kuunganisha kebini mbili. Nunua kebini ya pili kabla ya kukata ya kwanza, tena ya aina moja na ya miaka ile ile, kwa maana mifereji ya paa na mikunjo ya milango hubadilika. Zungukia mashamba ya Subukia, Rongai na Mau Narok, kebini nyingi zimelala nyuma ya maghala. Unapoikagua, usihangaike sana na sakafu iliyooza. Sakafu ni rahisi kutengeneza upya. Wewe unataka milango, nguzo, paa na kona za nyuma. Pitisha kidole kwenye mfereji wa paa, gonga chini ya milango kwa kipini cha bisibisi, sikiliza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kutu ya mfereji wa paa ndiyo ufa wenyewe, kwa sababu ukiipuuza utakuja kuikuta tena chini ya rangi mpya.

Kebini ya kwanza itabaki na mbele yote hadi nyuma ya mlango. Ya pili itapoteza dashibodi na kioo cha mbele, ibaki na mlango, paa na ukuta wa nyuma. Kabla grainda haijawashwa, ndani ya kila kebini chomelea skwea tyubu kutoka nguzo hadi nguzo, upande kwa upande na kwa mshazari, milango ikiwa imefungwa na inajifunga vizuri. Kebini iliyokatwa bila kushikizwa hujitanua yenyewe, na hutaweza kuirudisha kwa nguvu ya mikono.

Unapounganisha, ning'iniza milango kwanza. Acha pengo la milimita 4 au 5 pande zote, lilingane kutoka juu hadi chini, ndipo uijenge nguzo ya katikati kuufuata mlango. Anayejenga nguzo kwanza kisha akalazimisha mlango uingie, huishia kupiga nyundo mlango mzima. Nguzo hiyo mpya ina kazi kuliko zote: inashika kufuli ya mlango wa mbele na bawaba za mlango wa nyuma kwa wakati mmoja. Ndani yake pitisha tyubu nene kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Kumbuka pia kwamba mlango uliozoea kukaa mbele una ukingo wa juu uliolala kufuata kioo cha mbele cha gari. Ukihamia nyuma, ukingo huo unatakiwa kusimama wima, kwa hiyo fremu ya dirisha itakatwa na kuundwa upya. Kioo chake cha zamani, kama ni kile kigumu kinachovunjika kuwa punje, hakikatiki, kitapasuka chote. Kata kipya kwenye kioo bapa cha tabaka mbili. Hapo ndipo magari ya zamani yenye vioo bapa yanatupa nafuu kubwa.

Bati lenyewe ni jembamba, geji 18 au 20, yaani milimita 1.2 au 0.9. Welding ya fimbo italitoboa. Tumia mashine ya waya, au gesi kama mkono wako umeizoea. Shikiza kwa nukta ndogo ndogo kwanza, kisha choma sentimita mbili, hama, choma kwingine, rudi pakishapoa. Maungio ya paa yakae juu ya nguzo ya katikati, na chini yake pawe na mbavu ya chuma kutoka upande hadi upande. Vipande visilaliane, vikutane ukingo kwa ukingo, maana bati lililolaliana hunywa maji na kuoza kwa ndani.

Nimeiacha mikanda hadi sasa kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Tangu sheria za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa mkanda ni nini. Lakini nimeona dabo kebini za kuundwa zenye rangi ya kung'aa, redio na viti vya ngozi, huku mikanda ya nyuma imefungwa kwa skrubu kwenye bati tupu. Gari likigonga, bati lile linachanika kama karatasi na mtoto anaenda na mkanda wake. Bolti ya mkanda ni maalumu, ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Nyuma ya bati liwepo bamba la chuma la angalau milimita 3, pana kama kiganja, lililochomelewa kuzunguka. Panga sehemu hizo kwenye daftari siku ile ile ya chaki, kwa sababu ukishafunga nguzo ya nyuma na kuipaka rangi, hutaweza kuingiza bamba bila kuifungua tena. Kila abiria awe na mkanda wake, na wa katikati pia. Kiti nacho kifungwe kwenye mbavu za sakafu, kisikae juu ya bati peke yake. Enyi vijana, mteja akikubana apunguze gharama, punguzeni rangi, punguzeni taa, punguzeni viti vya ngozi. Sehemu hii msiipunguze hata akikasirika akaondoka.

La mwisho ni karatasi. Logibuku ya gari imeandika aina ya bodi, na ukibadilisha bodi lazima taarifa hizo zibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Nendeni kuuliza kabla ya kukata, mkiwa na mchoro na vipimo mkononi, mjue mkaguzi atataka kuona nini. Kampuni ya bima nayo iambiwe idadi mpya ya viti kwa maandishi. Abiria wa nyuma akiumia na bima ikaonyesha gari la watu watatu, familia ile itabaki na hospitali na deni.

Nje kuna chasisi juu ya stendi, chaki, timazi na kreti za soda. Baada ya chai tutashuka pamoja. Naomba mtu mmoja mrefu wa kuketi mbele, na kama kuna nyanya yeyote aliye tayari kutusaidia kupima mlango, tutamshukuru sana. Vijana, njooni na madaftari. Tutaanza na mishazari.